Kitabu Alichokipenda Mama

Kirumba, Mwanza
14 Juni 1975

Wifi Adongo,

Sisi tunaendelea vizuri. Mtoto ameota jino, na sabuni imeanza kuonekana tena dukani.

Mama amemaliza masomo ya watu wazima. Mchungaji alimpa kitabu cha sala, mwalimu akampa cha ufugaji wa kuku. Alivisoma, akavirudisha. Alichokipenda ni kitabu cha zamani cha jiografia, ambacho kaka yako alikisomea shuleni. Alikuwa akikisoma huku akilinda dagaa juani, na kaka yako akimcheka. Nilimwuliza anaona nini humo. Akanionyesha ramani na safari za watu waliohama, akasema, "Nilidhani mtu hukaa pale alipowekwa."

Jumapili baba mdogo Okomo alikuja na wazee. Walisema msiba wa baba umetimiza mwaka, hivyo mama arudi Rorya akarithiwe naye. Mama aliwapakulia ugali, wakala, kisha akasema, "Shemeji, nakuheshimu, lakini sitarudi."

"Mwanamke bila mume utakaa wapi?"

"Sengerema. Niliomba kujiunga na kijiji cha ujamaa, wamenipa kiwanja."

Jana nilimsindikiza kivukoni. Kaka yako anasema kusoma kumemharibu mama. Mimi naona alikuwa hivyo siku zote, ila hatukuwahi kumwuliza anachopenda.

Okomo anakuja kwako Musoma, akuombe umshawishi mama arudi. Mkaribishe, mpe chakula, lakini usimkubalie.

Wifi yako,
Specioza