Nyumba Yenye Mlango wa Kijani, Mikindani

Shoga yangu Felista,

Salamu nitaziweka mwisho. Nikianza nazo nitakuuliza hali, nitamuuliza mama, nitauliza mvua za huko Taita, mpaka karatasi iishe na neno lenyewe sijalisema. Wanijua nilivyo hodari wa kuzunguka. Barua ya kwanza niliyokuandikia ilirudi na mhuri wa posta, ati mwenye sanduku hajulikani. Hii nimeiacha wazi. Asomaye asome, na kama akujua akufikishie.

Nakuandikia leo kwa sababu ya jana. Nasomesha kemia sasa, shule ya wasichana ya kutwa huku Kisauni. Haya, cheka. Mimi niliyekuwa nikishika bureti mikono ikitetemeka, mpaka ukanisimamia nyuma ukinihesabia matone. Jana niliwasomea watahiniwa wangu orodha ya mtihani wa maabara, nani zamu ya kwanza, nani zamu ya pili, na sauti ikanikatika katikati. Wasichana wakadhani mwalimu ana mafua.

Wakumbuka tulivyokutana? Nilifika kidato cha kwanza kutoka Mtongwe na sanduku la bati la ami yangu, lililokuwa halifungi hata ulipige teke. Wewe ulikuwa na sanduku jipya lenye kufuli. Tukapewa dabodeka moja, mimi juu, wewe chini. Mara ile ya kwanza taa zilipozimwa nililia, ukagonga chaga kwa mguu ukaniuliza ninalia au ninaimba, maana kama ninaimba niongeze sauti. Nilikuchukia mpaka asubuhi. Kufikia chai tulikuwa tunagawana mkate.

Waislamu tulikuwa wachache shuleni pale. Masista hawakutulazimisha kitu ila kukaa kimya kanisani, benchi la mwisho, na mimi kukaa kimya kulinishinda, kwa hivyo nyimbo zote nilizijua kuliko nyinyi wenyewe. Likizo moja nyanya yangu alipiga hodi chumbani nikamjibu, "Milele na milele, amina." Akaweka pakacha chini akanitazama. Nilipokusimulia ulicheka hadi ukashikwa na kwikwi, na tangu hapo kila ukiniamsha alfajiri ulikuwa ukinibishia hodi.

Lakini nyumbani mambo hayakuwa ya kuchekesha. Ami alikuwa akimwambia baba kila Ijumaa kwamba mtoto atarudi kutoka kwa masista na rozari shingoni. Kidato cha tatu alikwisha kunitafutia mchumba, mtu mwenye duka, na posa ikaletwa. Baba akasema nimalize kwanza. Akaniita pembeni akaniambia nikifukuzwa shule hata siku moja kabla ya mtihani, yeye hatakuwa na la kumwambia nduguye. Nilikueleza haya yote. Ndiyo maana likizo fupi ya mwaka ule hukuniuliza nakwenda wapi, ulinibebea mfuko tukaenda kwenu.

Siku tatu nilikaa kwenu Mikindani. Mamako alitoka kazini hospitali na sare yake ya unesi, hajavua viatu, akaanza kutupikia kimanga cha kwao Taita, muhogo na maharagwe ya kupondwa. Alasiri ikaingia nikawa naona haya kuuliza niswali wapi. Akafungua kabati akatoa leso mpya, bado ina wanga, hajapata kuivaa, akanitandikia sebuleni. Akazima redio. Akakwambia wewe ukae nje, usije ukanichekesha. Leso ile alinipa niondoke nayo. Ninayo mpaka leo, Felista, na siiswalii.

Sasa nakuja kwenye chupa.

Mwaka wetu wa mwisho, mwezi wa Oktoba, mwezi wenu wa rozari, siku ya wazazi nyanya alikuja na kikapu. Ndani mlikuwa na kombe. Alikwenda kwa mwalimu wake wa chuo cha Kurani, akaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, na maji yale yakatiwa kwenye chupa ya sharubati. Akaniambia ninywe mara mbili, leo na asubuhi ya karatasi ya kwanza, akili ifunguke. Alikuwa amevaa buibui lake la sikukuu. Alivyoona nimelipokea kwa mikono miwili akafurahi mno.

Siku ile ile jioni padri alisoma Misa ya watahiniwa. Kila mmoja aliweka kalamu yake na rula kwenye kapu mbele ya altare, padri akazinyunyizia maji ya baraka. Sisi wa benchi la mwisho hatukuweka. Wewe uliweka kalamu mbili. Uliporudi bwenini ukanitupia moja kitandani, ukasema baraka haina dini ikishanyunyizwa. Nikaona aibu kuwa mchoyo, nikakumiminia nusu ya kombe langu kwenye kikombe cha plastiki. Ulikunywa umefumba macho. Ukasema lanukia harusi. Nusu iliyobaki ukaifungia kwenye sanduku lako, kwa sababu ndilo lenye kufuli.

Tulikuwa wajinga, lakini hatukuwa na ubaya wowote.

Kesho yake Sista mkuu akapita na ukaguzi. Unajua mwaka uliotangulia wasichana wa kidato cha pili walipandisha mashetani, bweni zima likapiga mayowe siku mbili, wazazi wakajaa getini. Tangu hapo Sista alipiga marufuku kila kitu cha mganga, hirizi, ubani, chupa. Kwake kombe na dawa ya mganga ni kitu kimoja, na nani angemfafanulia? Tulisimama kando ya vitanda. Akafungua sanduku lako, akaiinua ile chupa kwenye mwanga, maji ya manjano.

"Hii ni ya nani?"

Hukudanganya. Mara nyingi nimelifikiria jibu lako na sijaona mtu mzima ambaye angeweza kujibu vizuri hivyo. Ulisema, "Sanduku ni langu, Sista."

Akangoja. Nawe ulingoja, najua ulingoja, ingawa hukugeuza shingo kunitazama. Kulikuwa na nafasi ya mtu kusema maneno matatu. Mimi nilikuwa nimesimama mkono mmoja kutoka kwako nikimwona ami yangu, na yule mwenye duka, na baba akiinamisha kichwa. Sikusema.

Sista akasema utafanya mtihani, lakini bwenini hutalala. Utatoka kwenu asubuhi na kurudi kwenu jioni. Na akimjua mwenzako yeyote aliyeshiriki chupa ile, atakufuata. Ulikunja godoro lako mwenyewe. Kufuli ukaniachia mimi, ukasema sanduku langu lachekesha.

Wiki mbili zile nilijua upweke ni nini. Nililala juu ya kitanda kitupu. Nikipinduka, chaga zililia na hapakuwa na wa kuzipiga teke. Mezani nilikaa na wenzangu wale wale, tukala maharagwe yale yale, na sikusikia walichokuwa wakizungumza. Tulikuwa tukionana ukumbini tu, wewe safu ya dirishani, mimi katikati, na karatasi zikishakusanywa ulikuwa unakimbilia gari la kurudi kwenu. Siku moja ulinionyesha kalamu yako kwa mbali. Mimi yangu nikaificha.

Hayo yote unayajua. Nisikilize sasa usiyoyajua.

Usiku wa kuamkia maabara, tukiwa kwenye chakula cha jioni, akaingia mwalimu wa kemia, yule mrefu tuliyemwita Bureti. Akasema utaratibu umekazwa. Zamu ya pili wote lazima wawe wamefungiwa ndani ya kanisa kabla ya zamu ya kwanza kuanza, saa mbili kamili, wasije wakakutana na waliotoka wakaambiwa maswali. Atakayekuja baada ya hapo hatapokewa. Akasoma majina ya zamu ya pili, akafika kwako akasita. Wewe ulijua zamu yako ni saa tano. Ungetoka kwenu saa nne.

Mpishi wetu, Mzee Katana, alikuwa mlangoni na baiskeli yake, amemaliza kazi. Alikuwa akilala Mikindani, wakumbuka. Bureti akasema Mzee atapita kwenu akwambie, aelekezwe nyumba tu. Akauliza nani anayeijua. Halafu akanigeukia mimi, maana nani asiyejua tulivyokuwa.

"Mwanasiti, kwani wewe hujui kwao?"

Sista alikuwa kwenye meza ya walimu, ameacha kula, ananitazama. Ndivyo nilivyoona. Leo nikifikiri, pengine alikuwa anatafuta chumvi. Lakini mimi nilisikia yale maneno yake, atakufuata, atakufuata. Nikajibu, "Sijui, mwalimu. Sijawahi kufika."

Mzee Katana akavaa kofia yake, akasema basi ataulizia.

Asubuhi nilikuwa zamu ya kwanza. Sijui nilipima nini. Tulipotoka, mikono yangu ikinuka amonia, nikakuona unaingia getini umepiga pasi mpaka mikunjo ya sketi yasimama. Ulikuwa unatabasamu. Kemia ndiyo uliyoingoja mwaka mzima, kwa sababu ulitaka chuo cha unesi, uvae sare ya mamako. Bureti alikukimbilia mikono imeinuliwa, kama mtu anayezuia gari. Mlizungumza hapo getini muda mrefu. Alikwenda kwa Sista, akarudi, akatikisa kichwa. Alikuwa karibu kulia yule bwana.

Ulinijia. Ukaniuliza, "Kwani mliambiwa lini?"

Nikasema, "Leo asubuhi. Ghafla tu."

Ukanitazama, ukaniamini. Ukasema, "Basi si kosa la mtu."

Wallahi, Felista, ungenipiga kofi ningekushukuru mpaka leo. Uligeuka ukaenda, na viatu vyako umevipiga rangi. Mtihani uliokuwa umebaki uliumaliza, na matokeo yako yakaja, kila somo juu, na kwenye kemia hapakuwa na alama. Nikasikia mamako amehamishwa, mmekwenda zenu Taita. Mimi nikaenda chuo kikuu. Ami alichinja mbuzi. Yule yule ami! Nyanya akasema ni kombe.

Nimeishi vizuri, nisikudanganye tena. Nina kazi, nina chumba chenye dirisha, wenzangu ofisini ni watu wema, hunialika harusini kwao nami huenda. Lakini shoga sikupata tena. Wamekuja wawili watatu waliotaka, na kila mmoja akikaribia kunijua mimi huanza kuwa na shughuli nyingi. Jioni hupika chakula cha mtu mmoja na kukila nimesimama. Mtu wa kunibishia hodi hayuko.

Mwezi uliopita nilikuwa Magongo kununua viatu, nikamkuta Mzee Katana amekaa nje ya duka la baiskeli. Amezeeka, jicho moja halioni. Alinikumbuka kwa sauti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana habari, halafu yeye mwenyewe akakutaja, sikumuuliza. Akasema yule binti wa chupa humsumbua moyoni. Kumbe jioni ile aliisukuma baiskeli yake nyumba hadi nyumba mpaka watu wakazima taa, akiuliza kwa nesi mwenye binti anayesoma kwa masista. Wengine walimfukuza wakidhani mlevi. Akaniambia amekuwa akijilaumu miaka yote hii kwamba hakuulizia vya kutosha.

Nilisimama pale na viatu mkononi. Mzee wa watu amebeba mzigo wangu miaka tisa, na hata sikumwambia. Nitarudi Jumamosi hii kumwambia. Nimeahidi hapa, mbele ya kila asomaye, ili nisitafute njia ya kuzunguka.

Jana, nilipomaliza kusoma orodha, niliuliza nani wa zamu ya pili hakuja shule. Wakanitajia msichana mmoja, mgonjwa tangu juzi, anakaa mbali kule ndani. Nikauliza nani ajuaye kwao. Wakanielekeza watatu kwa pamoja, wakigombana. Nilikwenda kwa miguu yangu nikamwambia, saa mbili kasorobo, usichelewe. Mamake akanikaribisha uji. Nikaunywa, nikatoka, na njia nzima ya kurudi nililia.

Chupa ilikuwa yangu. Wewe ulijua, lakini hukuwahi kunisikia nikisema. Na la pili ndilo hili. Hatukuambiwa asubuhi. Tuliambiwa jioni, nikaulizwa mimi kwa jina, na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Kosa lilikuwa la mtu. Lilikuwa langu.

Salamu sasa. U mzima? Mama je? Kama bado unalo lile sanduku, kufuli lake liko kwangu pamoja na kalamu. Sikuombi uniandikie. Nakuomba unisikilize mara moja nikimjibu Mzee Katana.

Mzee, ukishuka Mikindani, shika njia ya kinu cha unga. Utaona mtaro una ubao wa kuvukia, uvuke polepole, ubao wacheza. Hesabu nyumba tatu mkono wa kushoto. Nje pana mstafeli na pipa la maji. Mlango ni wa kijani. Bisha hodi kwa nguvu, mamake huenda amelala ametoka zamu, lakini Felista yuko macho anasoma. Naijua nyumba hiyo. Nimelala humo siku tatu.

Wako wa kitanda cha juu,
Mwanasiti