Rambirambi Uliyopewa Ungali Hai

Mwaka umekatika, Kashindye, tangu asubuhi ile ulipotutoka nyumbani kwa mama mdogo Modesta, Mkuza, Kibaha, uji wako ukiwa bado unapoa mezani. Ulikuwa na miaka minane. Wazazi wamenituma mimi dada yako niandike kwa niaba ya nyumba nzima.

Tunaanza na sauti yako, maana ndiyo tunayoikosa zaidi. Ulirithi jina la babu mzaa baba, kwa hiyo baba alikuita baba tangu ukiwa mchanga. Kila asubuhi alikuinamia pale zizini. "Shikamoo, baba." Nawe, mtu wa kimo cha ndama, ulijibu bila hata kutabasamu, "Marahaba, mwanangu. Ng'ombe wameamka salama?" Wageni walicheka. Wewe hukucheka hata kidogo, ukaendelea na ukaguzi wako kama mwenye mji.

Kazi yako ilikuwa ndama. Jioni, kabla ya kukamua, uliwatenga na mama zao mmoja mmoja ukawafungia kwenye banda lao la miti, na hukuondoka mpaka uwaeleze sababu. "Subirini na watu wanywe." Uliwapa majina ya watu wa kijiji chetu, Msimbu, bila kuwaomba ruhusa. Ndama mbishi kuliko wote ulimwita Mbaraka, jina la jirani yetu Mzaramo, mtani wetu sisi Wasukuma, ambaye hawezi kupita nje ya uzio bila kutuchokoza. Siku aliyogundua alisimama akamtazama yule ndama kwa muda.

"Mbona wajina wangu ana sura ya Kisukuma?"

"Sura kachukua kwa mama yake," ukamjibu. "Ubishi ndio kachukua kwako."

Ulilala umeshika sikio la mama. Maziwa ya mwisho kikombeni uliyamwagia paka, hata ulipokuwa na njaa. Ukikosewa, hukulia mbele za watu. Ulikwenda bandani kwa ndama, ukarudi uso umekauka.

Tumbo lako lilipoanza kujaa upande mmoja, tulifurahi. Tunaliandika hili kwa ajili ya wazazi wengine watakaosoma. Katika nyumba za wafugaji mtoto mwenye tumbo husifiwa. Baba aliligonga kwa kidole kama mtu anayegonga kibuyu, akasema, "Maziwa yamekaa." Lilipokuwa gumu tukaambiwa ni bandama, ukachanjwa chale, na chale hizo umekwenda nazo kaburini. Mpaka siku mkojo wako ulipotoka na damu, ndipo mama alipokubeba hadi barabarani.

Daktari wa Dar es Salaam alisema ni saratani ya figo. Mama alimuuliza kama kweli watoto nao huugua saratani. Daktari akasema huugua, na kwamba wengi hupona wakiwahishwa. Kisha akazitazama tena picha za tumbo lako.

Dawa zenyewe hatukudaiwa. Lakini kuna nauli ya kutoka Msimbu, kuna kula kwa mama anayelala chini ya kitanda chako, kuna vipimo, kuna kurudi tena kabla mwili haujapata nguvu. Mama mdogo, ambaye ni fundi cherehani, alikuachia chumba chake Mkuza ili usisafiri mbali kila mara, yeye akawa analala sebuleni na vitambaa vya wateja. Baba aliuza mtamba, akauza ng'ombe wa maziwa, akauza baiskeli. Hata hivyo mzunguko mmoja wa dawa ulikupita kwa kukosa nauli. Ulikaa nyumbani siku hiyo umevaa shati la safari, ukingoja, mpaka jua likazama. Daktari akatuma ujumbe kwamba ukikosa mzunguko mwingine, ugonjwa utatangulia na dawa haitaufikia.

Msimbu tuna chama cha kufa na kuzikana. Kila nyumba hutoa mchango kila mwezi, na kukiwa na msiba chama hununua mbao za jeneza au sanda, hupika, kisha huwapa wafiwa rambirambi. Wazazi wetu hawakuwahi kukosa kutoa. Basi mama akakubeba mgongoni, kwa kuwa ulikuwa umeshakuwa mwepesi, akaenda nawe kwenye mkutano wa chama katika darasa la shule ya msingi. Baba alifuata nyuma. Nilikuwa nimetoka chuoni, nikaketi dawati la mwisho.

"Shikamooni wazee," mama akasema. "Nimekuja kuomba rambirambi ya mtoto huyu."

Watu wote wakageuka kukutazama. Mwenyekiti, Mzee Khalfani, alivua kofia yake akaiweka mezani. "Mama Elina, mtoto si huyo hapo mgongoni?"

"Ndiye. Akifa mtaniletea. Mimi naiomba sasa, aende hospitali. Akifa sitawadai kitu."

Mzee Khalfani alijibu kwa upole, lakini alijibu. Hiki ni chama cha kuzikana. Mgonjwa hayumo katika katiba. Leo mkimpa huyu, kesho atakuja mwenye malaria, keshokutwa mwenye jino.

Mbaraka akaona nafasi yake. "Na tangu lini mwenye ng'ombe akaja kuwaomba wenye kuku? Kundi likipita hapa barabara inafungwa. Jamani, na mimi nichangieni, jogoo wangu anakohoa."

Darasa likacheka. Ulikuwa utani, na mtani ana ruhusa. Lakini ndivyo wengi walivyofikiri. Wapo pale ambao mihogo yao iliwahi kuliwa na ng'ombe waliotoka kwetu, na baba akalipa fidia bila kubisha, kama mtu mwenye uwezo.

Baba akasimama. Unajua alivyo, si msemaji.

"Wale ng'ombe si wangu," akasema.

Kicheko kikapungua.

"Ni wa tajiri mmoja wa mjini. Mimi nawachunga. Malipo yangu ni maziwa, na ndama mmoja kwa mwaka. Waliokuwa wangu nimewauza. Wa mwisho nilimuuza mwezi wa Ramadhani, Bi Saida huyu hapa alimwona anapita."

Kwa Msukuma, kutamka maneno hayo mbele za watu ni kama kuvua nguo. Miaka yote tuliyoishi Msimbu alikuwa amewaacha watu waamini kundi ni lake, na hata sisi watoto tuliamini. Wewe uliinua kichwa kutoka mgongoni kwa mama.

"Na Mbaraka?" ukauliza. "Mbaraka naye si wetu?"

"Naye ni wa watu, baba," baba akakujibu.

Kijiji kizima kilijua Mbaraka ni ndama gani. Hakuna aliyecheka. Yule mwenye jina aliinamisha kichwa, akawa anakwaruza dawati kwa ukucha.

Aliyesema kwanza ni Bi Saida, mweka hazina. "Mimi nimekula wali wa misiba ya watoto wa kijiji hiki mpaka nimezeeka," akasema. "Sijaona hata mmoja wao akiufaidi. Mwenyekiti, uliza mikono, tumpe huyu mama aende zake, gari zitaisha."

Mikono ikanyooshwa, kwanza michache, kisha mingi. Mzee Khalfani aliivaa tena kofia yake. "Ni kwa neno lako, Mama Elina. Msiba ukifika, chama hakina kitu."

"Kwa neno langu," mama akasema.

Ijumaa iliyofuata msikitini walitangaza jina lako, na Jumapili kigangoni kwetu nako likatangazwa. Mafundi wenzake mama mdogo kule Mkuza wakaanza kutenga kitu kila wiki, na chumba chako kikapokea watoto wengine waliokuwa wakienda hospitali ileile pamoja na mama zao. Mlipolala wengi ulijisogeza ukutani bila kuambiwa. Yupo Faudhia, binti wa wakulima wa kijiji cha Janga, aliyekuwa akiogopa sindano. Ulimfundisha kutazama dirishani na kutaja majina ya ng'ombe mpaka muuguzi amalize. Faudhia yuko shuleni sasa. Mama yake hutupigia simu.

Ulifanyiwa upasuaji, figo ikatolewa. Nywele zilipoisha ulimwambia muuguzi kwamba hospitali hii nzuri, inanyoa bure. Hukukosa mzunguko mwingine. Na masika ilipoanza, daktari alikuruhusu urudi Msimbu.

Masika ile hatutaieleza yote. Ulikuwa na mwili tena. Ulipita kwenye matope pekupeku mama akikuita, ukajifanya hukusikia. Jioni ulitenga ndama, ingawa ulijua sasa kuwa si wetu, na ulikuwa mkali zaidi kwa yeyote aliyewapiga. "Ni wa watu hao," ukasema. Siku moja ulikula viazi vitamu mpaka ukalala palepale jikoni, na baba akakubeba hadi kitandani ingawa hukuwa unaumwa. Alirudi akakaa nje peke yake. Nilimsikia akicheka taratibu, halafu sikumsikia tena.

Kikohozi kilianza mvua zilipokatika. Ugonjwa ulikuwa umepanda kwenye mapafu. Daktari aliwaita wazazi pembeni, wakarudi wakiwa wametulia mno, nawe ukawasoma usoni. Uliuliza swali lako kama mwenye mji anayepanga kazi ya kesho.

"Rambirambi yangu si tulishaitumia? Mtanizika na nini?"

"Nani kasema unakufa?" mama akasema.

"Mimi nauliza tu."

Mama alikuinamia. Alikupa sikio lake, ukalishika.

Wiki zako za mwisho, Kashindye, zilikuwa mbaya, na hatutaki mtu aseme ulilala kwa amani. Ulihangaika kutafuta hewa. Ulimwomba mama afungue dirisha ambalo lilikuwa wazi. Asubuhi ile mama mdogo aliingia na uji, akauweka mezani upoe, akatoka kuwasha moto wa chai. Aliporudi, mama alikuwa amekupakata na hakumruhusu akuguse kwa muda mrefu sana.

Tulikurudisha Msimbu. Mama alikuwa ameshapanga utazikwa vipi, ubao kutoka kitanda cha kaka yako Gideon, chakula uji. Alisimama mlangoni kama mtu anayelinda. Bi Saida akafika na wanawake wawili na sufuria kubwa la wali.

"Bi Saida, nilisema sitadai," mama akamwambia.

"Kwani umedai? Nani kakusikia ukidai? Hili limetoka jikoni kwangu, chama hakimo. Pisha mlango, linaniunguza."

Mama akapisha. Nyuma yao walikuwa wanaume na majembe, na Mzee Khalfani mwenyewe amebeba mbao begani. Mbaraka alikuwa wa kwanza kuingia shimoni. Kwa desturi mtani ndiye anayechangamsha msiba. Ana haki ya kukataa kuchimba mpaka alipwe, ana haki ya kulala kaburini akasema pamemfaa yeye, na wafiwa hawakasiriki. Watu walimngoja aanze. Alichimba kuanzia juu mpaka mwisho bila kutoa neno, akatoka, akanawa mikono, akaenda kukaa bandani kwa ndama. Utani haujarudi kati ya nyumba zetu mpaka leo. Anapita nje ya uzio, anasalimia vizuri, anaenda zake. Hilo nalo linatuuma.

Mwezi uliopita mkutano wa chama ulikaa tena. Kuna mtoto anaitwa Hussen, wa kitongoji cha pili, ana uvimbe shingoni, na hospitali wameshautaja kwa jina. Mama yake alisimama akaomba kama mama yetu alivyoomba. Hakuna aliyemtania. Lakini mtu mmoja kutoka nyuma alisema lile ambalo wengi walikuwa nalo moyoni, tena alilisema kwa adabu.

"Hatumkatalii mama. Ila tuseme ukweli. Yule wa kwanza tulitoa, na bado tukamzika. Tukitoa tena, siku ya msiba tutakuwa mikono mitupu. Ilisaidia nini?"

Watu hawakumtazama aliyesema. Walimtazama mama. Alikuwa hajazungumza mbele za watu tangu tulipokuzika, na tulidhani angetoka nje.

Alisimama palepale alipokuwa. "Ilinipa masika moja," akasema. "Alikimbia kwenye matope nikamgombeza. Alikula viazi. Nilikuwa mama wa mtoto, si mama wa mgonjwa. Mkinirudisha siku ile, na mkaniambia kabisa kwamba atakufa, nitaomba tena. Sasa nyie mliolea, anayeona masika moja na mwanawe ni kitu kidogo, anyooshe mkono."

Mzee Khalfani alingoja. Alingoja kwa haki, kama katiba inavyotaka, akazungusha macho dawati kwa dawati. Mikono yote ilikuwa mapajani.

Hussen na mama yake wako Mkuza sasa, katika chumba cha mama mdogo. Hatujui kama atapona. Ameanza dawa.

Misa ya kukuombea itasomwa kigangoni kwetu Msimbu Jumapili hii asubuhi, na baada yake tutakwenda kusafisha kaburi. Majirani wote mnakaribishwa, wa kanisani na wa msikitini.

Unakumbukwa na baba yako Masumbuko, mama yako Stellamaris, mama mdogo Modesta, kaka yako Gideon, dada yako Elina, Faudhia na mama yake wa Janga, na majirani wa Msimbu na Mkuza waliokushika mkono ungali hai. Tutakukumbuka siku zote tulizobakiziwa.