Kimya Kuanzia Igawa

Jumanne, 10 Juni 2025

Dada Faustina amelazwa Iringa. Presha. Mwanawe, Fred, ameunda group la WhatsApp la familia, kila baada ya muda anaandika hali. Kesho natoka Mbeya na basi la asubuhi. Jirani yangu Asukile kanikatia tiketi — basi lina WiFi, eti habari hazitanipita. Baridi kali. Nimetoa sweta la marehemu mume wangu, Clement, nilivae. Mfukoni bado kuna maganda ya karanga zake. Nimeyaacha.

Jumatano, 11 Juni 2025

Uyole. Fred kaandika: mama amekunywa uji kidogo. Asante Mungu!

Igawa. Group kimya. Alama ya WiFi imejaa, hakuna kinachoingia. Jirani wa kiti, Shamsudin, mfanyabiashara wa vitenge, kanicheka. Eti WiFi ya basi nayo ni laini ya simu tu, imefungwa pale kwa dereva. Ikikosa mnara inabaki kama mchumba muongo — nipo, nipo, kumbe hayupo. "Izime, mama, tumia bando lako."

Nimezima. Meseji zikamiminika! Picha za kwaya, tangazo la jumuiya. Ya Fred hakuna.

Labda bando ndilo bovu. Nikarudi WiFi. Sasa nayo inafanya kazi. Kwaya tena.

Naogopa. Kwetu msafiri haambiwi msiba njiani. Clement alipofariki hospitali walinificha hivyohivyo. Nilishuka stendi na machungwa yake mkononi. Alipenda yenye ganda jembamba.

Mungu wangu, uwe ni mtandao tu.

Makambako. Nimempigia Fred. Kapokea upesi mno. Hali ileile, mama mdogo, umekula? Nikamwambia nipe dada nimsikie. Kasema amelala. Nyuma yake sauti za watu wengi, na viti vinaburutwa. Wodini hawaingii watu wote wale.

 Shamsudin kanimenyea ndizi.

Tumeipita Mafinga. WiFi imejaa, bando limejaa. Nabadilisha, nabadilisha. Kimya.

Kondakta, aliyekuwa anatania abiria tangu Mbeya, kapigiwa simu. Kaitikia tu, ndiyo, ndiyo, huku anatazama namba za viti. Kaja kwangu. Kauliza taratibu, wewe ndiye Mama Blessing? Anaomba simu yangu akanichajie kule mbele.

Nimemwonyesha — ina asilimia themanini.

"Lete tu, mama."

Mkono bado kaunyoosha. Mimi naandika, sitaki kumtazama —