Mapile Manne ya Adrien

Bugarama, tarehe 14 Novemba 1999

Yaya Béatrice, dada yangu mukubwa mupenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Mulume na kwa batoto bote. Natumaini homa ya Larissa ilipoa, na kwamba kule Bukavu munalala salama. Sisi tuko wazima, mupunga umekauka vizuri, na joto la huku unalijua. Papa wetu ndiye amekuletea barua hii kwa mukono wake. Tafadhali usiisome mbele yake. Mupe kiti, mupe maji, halafu ingia jikoni usome mpaka mwisho.

Pengine amekwisha kukuambia anakoenda. Anataka kufika Shabunda kumutafuta Adrien. Tulimukataza wiki nzima, juu ya vita na juu ya magoti yake, lakini unamujua Papa: ukimwambia mvua inanyesha, anatoka kuhakikisha.

Nikueleze ilivyoanza, juu wewe haukuwako. Unakumbuka Gameboy ile, mashine ndogo ya michezo, ulimununulia Adrien mudogo wetu kwenye soko la Kadutu? Tuliporudi Rwanda alikuja nayo, na Papa akaichukia tangu siku ya kwanza. Kila siku saa kumi, akitoka kwenye kinu cha mupunga, Papa anagawaka karata mbele ya nyumba, na alitaka mutoto wake akae naye wacheze. Adrien alikaa, lakini macho yake yako ndani ya mashine. Siku moja ya mwezi wa nane mwaka jana Papa alimupiga kofi mbele ya bageni, akamwambia: "Kama mashine ndiyo ndugu yako, enda ukaishi nayo." Adrien akaenda kweli. Siku ile ile alipanda gari la askari, akawa askari, na baadaye tulisikia yuko Shabunda. Hasira hasara, Yaya. Tangu pale Papa anagawa karata za Adrien pia, anaziweka mahali pake zikiwa zimefunikwa, na hakuna muntu wa kuzigusa.

Mwezi wa saba mwaka huu, padri alimupa gazeti la zamani la Kifaransa. Ndani Papa akasoma historia ya Nintendo, ile kompanyi ya Japani iliyotengeneza mashine ya Adrien. Kumbe ilianza mwaka 1889, katika mji wa Kyoto, ikitengeneza karata! Karata ndogo za maua, kazi ya mukono, kwa karatasi ya maganda ya mti. Miaka mingi baadaye walijaribu taksi, wakajaribu hata muchele wa paketi, wa kumwagia maji ya moto tu, na bantu bakaukataa. Papa alicheka sana juu ya ule muchele. Alisema wangekuja kwanza kuuliza Bugarama. Halafu akaanza kulia. Akaniambia kwamba mashine ile ni mujukuu wa karata, kwamba yeye na Adrien walikuwa wanacheza mambo ya nyumba moja, na yeye akamufukuza mutoto kwa ujinga wake. Gazeti hilo liko ndani ya koti lake sasa. Anataka kumusomea Adrien na kumuomba musamaha.

Yaya, kaa chini. Adrien hayuko tena. Alikufa kwa malaria kule Shabunda, mwezi wa tano. Rafiki yake anayeitwa Hugues, ambaye alimuzika, alinitafuta sokoni mwezi wa nane na kunipa Gameboy ndani ya soksi. Alisema mapile, betri zake, yalikuwa yamekwisha tangu Noeli, lakini Adrien alikataa kuiacha.

Nilifika nyumbani nikaificha ile soksi. Kwetu habari ya kifo haipelekwi na muntu mumoja, tena mutoto. Inapelekwa na bakubwa, asubuhi, mwenye kupewa akiwa amekaa na amekula. Nikasema ningoje. Lakini Papa alikuwa na siku tatu bila kula juu ya kumuwaza Adrien, na mimi, mujinga, nilitaka afurahi kidogo. Nilinunua mapile manne, nikayatia ndani ya mashine, nikamupa, nikamudanganya kwamba mama mumoja muchuuzi aliileta kutoka Shabunda. Mashine ikaimba. Papa akaigeuza mukononi, akasema mapile ya namna hii hayamalizi wiki, basi Adrien ndiye aliyeyatia juzi, Adrien yuko muzima, Adrien amemusamehe. Ni miezi mitatu namuacha aamini hivyo, na kila saa kumi naona karata zile zimefunikwa.

Nimemuacha aje, juu njia ya Shabunda inapita kwako, na wewe ndiye mukubwa wetu. Muzuie kwa neno lolote. Usimwambie peke yako. Jumatano asubuhi nitafika na Papa mudogo Ndayisaba, tumwambie pamoja akisha kula, kisha tukae matanga ya mutoto wetu, ambayo mimi niliyaiba.

Leo atakusomea lile gazeti. Muache amalize. Cheka pale kwenye muchele, anapendaka muntu acheke pale. Mashine iko katika mufuko wake. Mapile yalikwisha zamani, na anasema Adrien mwenyewe ndiye atatia mengine. Batoto wako wakitaka kununua mengine, bakatalie.

Wape bote mukono wangu, na Mungu akupe nguvu ya kurudi pale Papa alipokaa ukiwa umepangusa macho.

Mimi mudogo wako, mwenye haya,
Dative