Mwenye Pembe Ndiye Mwenye Neno

Jumamosi, 3 Februari

Leo sikukuu ya Mtakatifu Blas. Nimetimiza miaka kumi na sita, na kwa ajili ya mtakatifu huyo naitwa Blasida — jina la ajuza! Maktabani hakuna aliyekumbuka. Sawa. Sikwenda kutafuta keki.

Hasira yangu ni nyingine.

Baraza letu la wasomaji lina sheria moja tu: mwenye pembe ndiye mwenye neno. Ukipewa pembe ya terere, yale majani yetu ya maji ya barafu, unakunywa kwa mrija, unasema unasoma nini na unakionaje, unarudisha pembe. Ukiwa nayo mkononi hakuna wa kukudakia. Mmiminaji anajaza tena, inakwenda kwa anayefuata. Na mmiminaji ni mdogo kuliko wote, kama ilivyo kila nyumba. Yaani mimi.

Mmiminaji naye ana zamu yake. Anayo! Ila siku yangu ya kwanza, mwezi wa kumi na moja, Derlis, aliyekuwa mdogo wa wote kabla yangu, ndiye aliyekuwa akimimina. Akanipa pembe. Macho yote kwangu. Nikanywa, nikairudisha, nikasema "asante."

Kila mtoto wa hapa Villarrica anajua. Ukisema asante umetosheka, usimiminiwe tena. Nami nilijua. Nilisema makusudi, kwa woga, ili zamu inipite. Nilidhani itanipita siku ile tu! Mwalimu Zunilda, msimamizi wa baraza, akaifanya kiapo. "Blasi hapendi maneno, jamani. Atatumiminia." Derlis akanikabidhi jagi la barafu kama mtu aliyetua gunia la mihogo.

Tangu siku hiyo namimina.

Leo wameanza *Machozi ya Uani*. Ni hadithi ya mtoto wa kijijini anayepelekwa kulelewa kwenye nyumba ya kitajiri mji mkuu, Asunción, anafua, anapika, ananyamaza. Mwandishi mwenyewe anakuja tarehe ishirini na nne! Baraza litachagua msomaji mmoja akae kando yake, atoe maoni yetu.

Mwalimu Zunilda alilia na pembe mkononi. Kile kimya cha yule mtoto, alisema, kinaongea kuliko hotuba. Mama Porfiria mshonaji alisema yeye ameanzia ukurasa wa mwisho, kama kawaida yake, na hajaona sababu ya kurudi mwanzo. Mzee Eladio wa duka la dawa alilalamika kwamba hadi sura ya tano hajafa mtu. Yeye bado anasoma vita vya Chaco, na huko, alisema, mtu anakufa kwa heshima kila ukurasa.

Wote wakasifu kimya cha yule mtoto. Huku mimi nawamiminia.

Nilikuwa na neno kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili, 4 Februari

Nimemsomea bibi kitabu, jikoni, akikanda unga wa chipa, mikate yetu ya jibini. Nasoma Kihispania, akikunja uso namgeuzia kwa Kiguarani, lugha yetu ya nyumbani. Bibi Saturnina naye alipelekwa "kulelewa" Asunción, akiwa na miaka tisa. Huwa anasema aliyelelewa ni sakafu.

Nilidhani atalia. Alikasirika!

— Huyu mtoto analia tena? Jana si alilia?

— Hiyo ni sura nyingine, bibi.

— Na moto nani anawasha, wakati yeye analia?

Nikaendelea. Kurasa mbili mbele yule mtoto anatazama mwezi kupitia dirisha, anamkumbuka mama yake, kimya. Bibi akapiga unga kibao.

— Kimya! Sisi tulikuwa hatunyamazi, mwanangu. Tulikuwa wawili na mpishi. Tulikuwa tunasema tangu kuamka.

Ndipo akanipa kisa cha kasuku. Hajawahi kunipa! Mama mwenye nyumba alikuwa na kasuku barazani. Bibi alimfundisha matusi ya Kiguarani, moja baada ya moja, akimpa mbegu za tikiti kila akipatia. Mama hajui neno la Kiguarani. Akija mgeni, anamwita kasuku amwamkie. Kasuku anafungua mdomo: "Karibu, makalio ya chura!" Mama anapiga makofi. Mgeni anayeelewa anaona haya kumwambia.

Nilicheka hadi nikapaliwa. Bibi naye. Kisha akafuta mikono, akawa mzito.

— Aliyeandika hicho kitabu alikuwa amekaa kwenye kiti akimtazama mtoto. Mtoto akiingia na sinia, anamwona. Akitoka mlangoni, basi, hajui tena. Sasa sisi tulikuwa nyuma ya mlango. Nyuma ya mlango tulikuwa tunacheka.

Nimerudia kitabu chote, sura kwa sura. Ni kweli!! Hakuna mahali yule mtoto yupo bila tajiri chumbani. Hata akiwa peke yake na mwezi, mama mwenye nyumba anamchungulia kwenye tundu la ufunguo. Kitabu kizima kinaishia mlangoni.

Hili hakuna aliyeliona barazani. Hakuna! Na mimi ndiye mwenye jagi.

Jumatano, 7 Februari

Nimefanya jambo, sijui ni la akili au la kijinga.

Nilikuwa nasugua pembe kwenye sinki la maktaba, Derlis akaingia kutafuta barafu. Amerudi likizo kutoka chuo cha sheria, anatembea kama mlango wote ni wake. Akauliza, bila kunitazama: "Na wewe, Blasi, unakionaje kile kitabu?"

Ndiye mtu wa kwanza kuniuliza tangu Novemba.

Nikamwambia. Yote! Mlango, kiti, kasuku, bibi. Kwa Kiguarani, kwa sababu kwa Kihispania maneno yangu husimama foleni na kuombana radhi. Nilisema hadi maji yakafurika kwenye sinki. Akaacha kutafuta barafu. Akasema: "Wewe kumbe una kichwa."

Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi. Naandika haya nikijua nitayaonea aibu.

Jumamosi, 10 Februari

Mwizi. MWIZI.

Pembe ilimfikia Derlis. Akanywa taratibu, akaweka mguu juu ya mguu. "Mimi naona," akasema, "kitabu hiki kinaishia mlangoni."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea. Kiti. Sinia. Nyuma ya mlango. Neno kwa neno, kwa Kihispania kilichopigwa pasi! Mwalimu Zunilda akashika kifua. Mama Porfiria akaacha kushona. Hata Mzee Eladio akavua miwani.

Halafu kasuku. Alisema ni wa "kwao." Kwamba alisimuliwa na nyanya yake! Nyanya yake Derlis! Yule ambaye watoto wa kulelewa walipita nyumbani mwake kama sahani — ikipasuka moja, yaletwa nyingine! Na lile tusi akalibadilisha. Kasuku wake anasema "karibu, mjinga." Mjinga! Mtu aibe nyama, hata kuipika hajui.

Kicheko cha jikoni, alisema, ni ishara. Ishara ya nini? Bibi alikuwa anacheka kwa sababu inachekesha.

Wakampigia makofi. Mwalimu akasema hakuna haja ya kutafuta zaidi, Derlis ndiye atakayekaa na mwandishi. Wote wakainua mikono. Yeye akanirudishia pembe — akanikonyeza! Kama vile tumefanya biashara.

Na mimi? Nilijaza. Nikampa Mzee Eladio. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumatatu, 12 Februari

Nimemwambia bibi. Nilidhani atasema achana nao, debe tupu ndilo linalovuma. Hakusema. Alikaa akichambua mbegu za tikiti, akizitenga kando.

— Kasuku wangu, akasema.

Akadondosha mbegu moja bakulini.

— Nilimtunza miaka yote hiyo, hata mama yako sikumpa. Nimekupa wewe. Umempa nani?

Akaniuliza mwandishi anakuja lini. Nikamwambia Jumamosi ya tarehe ishirini na nne.

— Nitakuja. Nataka kumsikia kasuku wangu akisema mjinga.

Mungu wangu.

Jumamosi, 17 Februari

Nimemkabili Derlis. Ndiyo, mimi! Nilimvizia mlangoni kabla ya baraza. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Yakatoka matatu: "Yale yalikuwa yangu."

Wala hakukana. Akatabasamu kwa huruma, ningemtia jagi kichwani.

— Blasi, dada yangu mdogo, mawazo hayana hati miliki. Halafu tuambizane ukweli. Ungeyasema? Lini? Yangekufia kooni. Mimi nimeyaokoa.

Nimeyaokoa! Kama mtu aliyemvua mtoto mtoni, kumbe amemvua nguo!

Nilichokasirikia jioni yote si uongo wake. Ni ile robo ya kweli iliyomo. Nilisema asante mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.

Nikaenda kwa Mwalimu Zunilda. Nikamwambia Jumamosi ijayo nataka zamu. Akanishika shavu. "Mwanangu, wewe hunywi. Na siku hiyo kuna mgeni mkubwa, tunataka Kihispania kilichonyooka, si hivyo? Wewe unamimina vizuri sana. Hakuna anayemimina kama wewe."

Alisema kwa upendo! Ndiyo maana sikuweza hata kumchukia barabara.

Leo Mama Porfiria amesema amerudi mwanzo wa kitabu, kwa sababu ya lile neno la mlango. Amesema limemkumbusha chumba alichojifunzia kushona. Alikuwa anamtazama Derlis kwa shukrani. Neno langu limemrudisha mtu ukurasa wa kwanza, na shukrani zimekwenda jirani.

Alhamisi, 22 Februari

Shule imefunguliwa. Viatu vinabana. Mwalimu wa Kihispania ameuliza nani amesoma kitabu likizoni. Wengine wakainua mikono. Mimi nikainamia dawati. Nyumbani bibi amepiga pasi gauni lake la misa, lenye kola. Amelitundika mlangoni mwangu, si mwake, ili nilione.

Jumamosi, 24 Februari

Naandika nimesimama, daftari juu ya friji ya maktaba, nyuma ya mlango wa jikoni. Lazima niandike haraka. Wananingoja.

Mwandishi amekuja. Mdogo kuliko nilivyodhani, ana mafua, anapenga kwenye leso ya karatasi. Nilitaka kumchukia lakini ametusalimia wote kwa mkono, na bibi pia. Bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango huu, gauni la misa, mkoba juu ya magoti. Mwalimu Zunilda amemwambia karibu mama, akamsahau.

Nikamimina ya kwanza, ya Mtakatifu Tomaso. Hiyo hainywi mtu, tunasubiri majani yanyonye. Halafu ya mgeni. Akasema anafurahi, anataka kusikia ukweli, asihurumiwe. Mwalimu Zunilda akamhurumia. Mzee Eladio akamwambia kitabu ni kizuri, ila kama angeweka hata vita vidogo. Mgeni akacheka, akapenga. Mama Porfiria akasema anamwachia Derlis, kwa sababu Derlis ndiye mwenye neno la mlango.

Derlis akakohoa. Akavuta kiti karibu na mgeni. Akanyoosha mkono.

Nikajaza pembe. Maji yakapanda hadi ukingoni, povu la kijani. Nikamtazama bibi. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alikuwa anafungua mkoba wake. Akatoa mbegu moja ya tikiti, akaitia mdomoni.

Nikasema, "Barafu imekwisha."

Nikaondoka na jagi. Na pembe!

Barafu haijakwisha. Liko jagi zima hapa.

Nyuma yangu Derlis alisema, basi, mimi naona kitabu hiki — na Mzee Eladio akamkata: "Kijana! Pembe iko wapi?" Akasema Blasi amekwenda nayo, si kitu, tuendelee. "Si kitu vipi? Sheria ni sheria. Ngoja irudi." Mwalimu Zunilda akasema jamani, mbele ya mgeni. Mgeni akauliza sheria gani. Mama Porfiria akamweleza. Sasa wote wamenyamaza. Wamenyamaza kweli! Nasikia feni. Nasikia mgeni akipenga.

Naweza kurudi nikampa Derlis. Itaonekana nimekwenda kuchukua barafu tu. Hakuna atakayejua.

Mwalimu Zunilda anaita: "Blasi, mwanangu! Pembe!"

Na sauti ya bibi, kwa Kiguarani, haraka haraka kama ile ya jikoni: "Mwacheni. Anakunywa."

Nimeshika pembe. Baridi yake imeingia hadi kwenye kiwiko. Mikono inatetemeka, afadhali!

Nimekunywa. Nimekunywa yote, hadi mrija ukakoroma chini kama nguruwe. Koromo lile, kwenye kimya kile! Wamelisikia hadi barabarani. Nimeshindwa kujizuia, nimecheka. Kwa sauti.

Asante sijaisema.

Kiti kimesogezwa kule ndani. Si Derlis, yeye viatu vyake vina kelele. Mtu anakuja taratibu, anapenga. Amesimama upande wa pili wa mlango. Haufungui. Anauliza, kwa sauti ya mafua, anamuuliza bibi au ananiuliza mimi, sijui:

— Nani anacheka huko nyuma?