Pasi Juu ya Nyumba ya Kiholanzi

The Pearl, Doha

Mama yangu mpendwa,

Kwanza mgongo unaendeleaje, na wateja bado wanakuletea nguo za pasi hapo kibandani? Mimi mwili mzima. Moyo ndio hautulii, na sitakuficha.

Madam wangu ana picha za kale za Uholanzi, nyumba kubwa za mashambani kando ya mito. Hazikuchorwa moja moja kwa mkono. Zilichongwa kwenye bamba la shaba, likapakwa wino, kisha karatasi yenye majimaji ikagandamizwa juu yake. Hayo nimeyajua nikiwa nimeshachelewa. Wiki iliyopita alizitoa kwenye fremu zibadilishwe vioo, nikaona moja ina mkunjo umeizunguka pande zote. Wewe ulinilea nikijua mkunjo ni aibu ya mpiga pasi. Nikatandika kitambaa chenye unyevu, vile ulivyonifundisha, nikapitisha pasi taratibu hadi karatasi ikanyooka kabisa. Nilijisifu, mama.

Madam akaingia pasi ikiwa bado mkononi mwangu. Hakupiga kelele. Alipitisha kidole pembeni mwa picha, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Ile ilikuwa alama ya kingo za bamba," akasema polepole. "Baba yangu alikuwa akiishika hapo kila siku."

Baba yake ni marehemu. Nilikosa pa kuweka uso.

Tangu hapo hata chai hakuniagiza. Nakato, mpishi wetu kutoka Jinja, akaninong'oneza jikoni: "Akikupa tiketi, wewe tazama kwanza kama iko na kurudi."

Jana Madam akaniita. Mezani palikuwa na pasipoti yangu, tiketi na ile picha. Akasema niende likizo mapema, na picha niichukue, hawezi kuitazama tena. Nikaifungua tiketi mbele yake. Ni ya kwenda tu. Nikaikunja, nikaitia mfukoni pamoja na pasipoti.

Mdogo wangu Jepkoech asiache masomo ya unesi kwa ajili ya karo kabla hatujaongea. Nisalimie shangazi wa Njoro na mjomba fundi viatu, ila hili la tiketi usiwaambie.

Barua hii inatangulia na mwenzetu anayesafiri kesho; mimi nafika mwisho wa mwezi. Picha nimeifunga ndani ya leso yako. Tuitundike kibandani, juu ya meza yako. Ukitaka kuipiga pasi, piga tu, mama. Hakuna kilichobaki cha kunyoosha.

Mwanao,
Chelagat