Sauti Tatu za Mama Mkwe

Jumanne, 9 Machi 1954
Mvua tena. Nimesafisha vichwa vya mashine zote mbili za kunasia sauti, pamba na spiriti. Bwana mkubwa wa karakana anataka nyimbo za huku Nachingwea, tena zijae, si sauti ya ndani ya kopo. Mama mkwe, aliyetoka Nandagala kumwangalia binti yake, amekubali kuimba wimbo wa kuwataja wazee waliokufa, ili mimba ya mke wangu Salima ifike salama. Kaimba nyuma ya shuka, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Kwanza alimwaga unga wa mtama mlangoni, sadaka ya hao wazee. Nimeinasa kwenye utepe: sauti nzuri, ila nyembamba.

Alhamisi, 11 Machi
Nimeweza! Mashine ya kwanza inaimba ndani ya pipa tupu, ya pili inanasa. Kichwa cha kufutia nimekiziba kwa karatasi ya sigara, kwa hiyo sauti ya zamani haifutiki, mpya inalala juu yake. Nimerudia mara tatu, kila mara nikichelewesha kidogo. Mama mkwe mmoja kawa watatu. Sauti nene, inatikisa kifua. Bwana mkubwa kapiga makofi. Leo mimi ni fundi.

Ijumaa, 12 Machi
Nimemsikilizisha mama mkwe. Kosa kubwa. Kashika kichwa, akauambia ukuta, si mimi: "Mie niliwaita mara moja, na unga wa mara moja. Huyu mkwe kawaita mara tatu. Wakija wakakosa unga, watachukua nini?" Nilicheka moyoni. Jioni Salima kashikwa na homa. Sicheki tena.

Jumapili, 14 Machi
Homa haishuki. Hospitali wamempa kwinini. Tumbo linamkaza na miezi haijatimia. Naogopa. Nimesoma hadi darasa la nane, habari za mbu nazijua, na bado naogopa. Nikifumba macho nawasikia wale watatu wakiita. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nimechezea walio wakubwa kuliko wakunga.

Jumatatu, 15 Machi
Nimefuta utepe wa sauti tatu. Nimebandua karatasi, nikaupitisha wote, mashine ikinasa kimya. Kisha nikausikiliza mpaka mwisho, nikichelea kusikia jina hata moja la wale wazee. Kuvuma tu. Nimempelekea mama mkwe unga, nikauweka chini bila kumtazama. Kamwaga mara mbili. Salima analia kwa maumivu. Mungu wangu.

Jumatano, 17 Machi
Homa imeshuka. Kwinini au unga, sijui, wala sitaki ubishi. Tumbo limetulia. Salima kanywa uji, kaniuliza mbona nimekonda.

Bwana mkubwa kasikiliza utepe wa kwanza, kakunja uso. Nyembamba, anasema, niufanye kama ule mwingine. Nimemwambia nimesahau nilivyofanya.